Rasimu ya Kwanza Iwe ya Mtoto: Zana za Kidijitali na Ufundishaji wa Uandishi Bunifu

Walimu wenzangu, wazee mliotutangulia katika kazi hii, shikamooni. Vijana mnaojifunza kuandika, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie zana za kidijitali katika kufundisha na kujizoeza uandishi bunifu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na haya nitakayoyasema yametoka darasani, kwenye madawati wanakobanana wanafunzi watatu watatu. Mniruhusu nianze na tatizo kabla ya zana. Mara nyingi kwetu vifaa hufika kwanza, ndipo tunapohangaika kuvitafutia kazi.

Tatizo lenyewe mnalijua. Mwanafunzi anaandika hadithi au insha mara moja. Madaftari 80 yanakusanywa, yanarundikwa mezani. Mwalimu anasahihisha tahajia na upatanisho wa ngeli kwa kalamu nyekundu, anaandika 12 kwa 20, anarudisha. Mtoto anatazama alama, anafunga daftari, habari imekwisha. Hapo uandishi umepimwa, lakini haujafundishwa. Mtu hujifunza kuandika anaporudi kwenye sentensi yake akaivunja na kuijenga upya, baada ya kujua msomaji wake amekwama wapi. Sasa darasa la wanafunzi 80 likiandika rasimu tatu tatu, hizo ni rasimu 240 kwa zoezi moja. Hakuna mwalimu wa kuzisoma zote kwa makini huku ana vipindi vingine na watoto wake nyumbani. Rasimu ya pili na ya tatu zilikufa kwa sababu hiyo, wala si kwa uvivu wa walimu.

Kwa hiyo kila zana ninayoletewa naiuliza mambo mawili. Inamfanya mtoto aandike tena? Inampatia msomaji? Ikishindwa yote mawili, naiacha, hata iwe na sura nzuri kiasi gani.

Vifaa vyenyewe si vigeni kwetu kama tunavyopenda kusema. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, huria na ya bure. Tangu mwaka 2017 simu zenye huduma ya Google ya kuandika kwa sauti zinakisikia Kiswahili. Na wengi wenu humu mna vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ambavyo baadaye viligawiwa kwa walimu. Najua wanafunzi wetu wengi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Basi nitazungumzia zana zinazofanya kazi mwalimu akiwa na kishikwambi chake kimoja, na shule ikiwa na kompyuta moja au mbili.

Nianze na ushairi, maana hapo ndipo nilipoona macho ya wanafunzi yakifunguka.

Tunapofundisha tarbia tunawaambia: mishororo minne, kila mshororo vipande viwili, ukwapi na utao, mizani, yaani silabi, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Wanakariri. Ukiwaambia watunge, mshororo mmoja unatoka na mizani 15, mwingine 18, na ukiwauliza wanakwambia wamehesabu. Kuhesabu kwa vidole kunachosha, na mtu aliyechoka hujidanganya.

Kiswahili kimejaaliwa silabi ambazo karibu zote huishia na irabu. Kwa hiyo ukihesabu irabu, umeikaribia sana idadi ya mizani. Jedwali la kawaida la hesabu (spreadsheet), lile lililomo ndani ya kishikwambi, linaweza kufanya kazi hiyo. Unaandika kipande cha mshororo kwenye kisanduku kimoja. Kwenye kisanduku cha pili unaweka fomula inayohesabu herufi zote, kisha inaziondoa a, e, i, o na u na kuhesabu tena. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo idadi ya irabu. Kumbuka kuzigeuza herufi kubwa kuwa ndogo kwanza, la sivyo irabu inayoanza mshororo itarukwa.

Tuujaribu mshororo huu: “Kalamu naishikia, maneno yananijia.” Fomula inasoma nane na nane. Darasa linapiga makofi. Kisha leta huu: “Mtoto kamwita mama, mchana nikasikia.” Fomula inasoma saba na saba. Lakini wape wapige kofi moja kwa kila silabi, m-to-to-ka-mwi-ta-ma-ma, na watapata nane. Mashine imekosea? Hapo ndipo somo linapoanza. Atatokea mmoja atakayesema “m” ya mtoto imesimama peke yake, ina pumzi yake, ila “m” ya kamwita imeegemea “w” na kuingia katika silabi moja nayo. Wanafunzi wenyewe wanatunga kanuni ya kuongeza kwenye fomula: “m” ikifuatwa na konsonanti, hesabu moja zaidi, isipokuwa ikifuatwa na “w”. Wanaendelea hadi wanakutana na nchi, nne, nta na nzi, na “n” nayo inadai haki yake.

Halafu wanagonga ukuta. Mtu mbaya. Ndizi mbaya. Neno moja, herufi zilezile. Lakini kwa mtu, “m” ni kiambishi cha ngeli, tunasema m-ba-ya, mizani tatu. Kwa ndizi, “mb” ni sauti moja, tunasema mba-ya, mizani mbili. Fomula inayotazama herufi peke yake haiwezi kuzitenganisha. Inabidi ijue neno linapatana na nomino gani. Wapo wataalamu waliofika huko: Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki ametumia miongo kadhaa kuunda programu inayochambua maumbo ya maneno ya Kiswahili, kiambishi kwa kiambishi. Sisi hatuhitaji kufika huko. Mimi nafurahia fomula ikikwama, kwa sababu mtoto aliyekuwa akiziona ngeli kama adhabu ya mtihani sasa anaziona zikiamua kama ubeti wake umekaa au umepinda. Nimefundisha ngeli kwa miaka mingi na sijapata njia nyingine iliyowafanya wanafunzi wagombane kuzihusu hadi kengele ikalia.

Na wagombane tu. Maneno kama labda na maktaba, ambayo konsonanti inafunga silabi katikati, huzua ubishi kila mara. Mimi siwapi jibu haraka. Nawaambia wausome mshororo kwa sauti, wauimbe, sikio liamue.

Fomula isikilizwe mahali pake, lakini. Inapima umbo peke yake. Tulikuwa na mjadala mkali katika fasihi yetu miaka ya 1960 na 1970 kuhusu mashairi yasiyofuata urari wa vina na mizani, na mshairi Euphrase Kezilahabi na wenzake walituonyesha kwamba shairi linaweza kusimama kwa taswira na pumzi yake. Mwanafunzi anayetaka kuandika shairi huru aruhusiwe. Ninachomwomba ni kwamba auache mzani kwa kuujua, asije akauacha kwa kuushindwa.

Sasa, huyu mtoto ametunga ubeti. Nani atausoma? Watungaji wa zamani walikuwa na jibu lao. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya watu kutoka kila upande, na mtu alitunga akijua kuna mwingine atamjibu, pengine kwa vina vilevile, kumkosoa au kumzidi. Kujibizana kulinoa watungaji. Leo faili la pamoja, lile ambalo watu wengi wanaandika humo kwa wakati mmoja, linaweza kurudisha utaratibu huo darasani. Etherpad ni ya bure na humpa kila mwandishi rangi yake. Google Docs nayo wengi mnaijua. Mwanafunzi wa darasa moja anaweka ubeti wa swali, wa darasa jingine anajibu. Masharti yangu ni mawili: ujibu hoja, na ushike vina vya aliyekuuliza. Shule mbili zikikubaliana, hata moja ikiwa Tanga na nyingine Kigoma, wanafunzi wanapata msomaji asiyewajua, na hakuna kinachomfanya kijana aurudie ubeti wake kama hofu ya kujibiwa na mtu asiyemjua. Asiye na mtandao wa kutosha atumie grupu la WhatsApp la walimu wawili tu. Kila mmoja anapeleka beti za darasa lake na kurudi na majibu.

Kuhusu hadithi, nitaanzia kwa bibi. Mpe mwanafunzi kazi ya likizo: amrekodi bibi, babu au jirani akisimulia ngano, kwa simu yoyote ya nyumbani, baada ya kuomba ruhusa na kueleza rekodi inakwenda wapi. Shule ikifunguliwa, rekodi inasikilizwa. Ukitaka kuokoa muda, programu ya kuandika kwa sauti inaweza kukupatia maandishi ya awali. Lakini nawatahadharisha: programu hizi zimelelewa kwa Kiswahili sanifu. Bibi wa Makunduchi au wa Mtang’ata akisimulia kwa lahaja yake, maneno yake yanageuzwa, mengine yanatoweka kabisa, na ukurasa unatoka kana kwamba bibi yule hakuwahi kusema hivyo. Kwa hiyo rekodi ihifadhiwe, na mwanafunzi arudishe kwa mkono maneno yaliyopotea. Kazi hii inaudhi kidogo, nayo ina faida kubwa kuliko zote, kwa sababu anasikiliza sentensi ileile mara nyingi na kuanza kugundua bibi alinyamaza wapi, alirudia nini, wapi sauti ilishuka. Ndipo unamwambia: sasa iandike kwa msomaji ambaye hamwoni bibi. Ule mkono alioupunga utauandikaje? Mwanafunzi hapo anaelewa tofauti ya masimulizi na maandishi bila kunakili ubaoni jedwali la sifa saba.

Kuna zana nyingine ninayoipenda sana, inaitwa Twine. Ilitengenezwa na Mmarekani Chris Klimas mwaka 2009, ni ya bure na huria. Unaandika hadithi kwenye visanduku. Neno ukilizungushia mabano mraba mawili mawili linageuka kiungo, na kisanduku kipya kinafunguka chenyewe ukiendeleze. Msomaji anafika njia panda na kuchagua. Msichana amechelewa kivuko cha Kigamboni: apande mtumbwi, au asubiri pantoni inayofuata? Kila jibu lina njia yake. Ukimaliza, hadithi nzima inakuwa faili moja tu, ambalo linafunguka kwenye kivinjari chochote bila intaneti, na unaweza kulituma kwa Bluetooth.

Kwa nini naipenda? Kwa sababu inafundisha msuko kwa ukali ambao mimi siuwezi. Wanafunzi huanza kwa tamaa: kila hatua chaguo mbili, hatua tano. Wanapopiga hesabu wanakuta wanadaiwa miisho 32 na visanduku 63 kwa jumla. Wanashtuka. Wanarudi nyuma kuamua ni chaguo gani lina uzito na lipi ni pambo, njia zipi zikutane tena, na mhusika awe ameshafanya nini kabla ya kufika pale. Wanaanza kuuliza sababu na matokeo wenyewe. Halafu wanafunzi wengine wanapoicheza hadithi, mwandishi anasimama kando anatazama: wamebofya wapi haraka, wamesita wapi, wamechoka wapi. Sijaona maoni ya mwalimu yenye nguvu kama kumwona msomaji wako akikwama mbele yako.

Kwa wale wa shule za msingi, na kwa wanafunzi wa sekondari wanaotaka kuwaandikia wadogo zao, kuna African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini uliozinduliwa mwaka 2014. Humo mna vitabu vya hadithi fupi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Unaweza kuvisoma, kuvitafsiri, kuvirahisisha, au kuandika chako ukitumia picha zilizopo. Kuandika hadithi ya mtoto wa miaka saba, sentensi mbili kwa ukurasa, ni shule ngumu. Kila neno la ziada linaonekana. Ila mjue, na wanafunzi waambiwe mapema, kazi zinazowekwa humo zinatolewa kwa leseni huria: wengine wataruhusiwa kuzitafsiri na kuzibadilisha. Mzazi aulizwe. Jina kamili la mtoto na la shule yake lisiwekwe bila sababu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo najua wengi mlikuwa mnalisubiri. Tangu programu ya akili bandia ya ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022, mwanafunzi anaweza kuomba hadithi ya maneno 400 inayoishia na methali, akaipata kabla chai haijapoa. Walimu wanauliza: tutawakamataje?

Njia ya kukamata imewashinda hata watengenezaji. Kampuni ya OpenAI, iliyoitengeneza ChatGPT, ilitoa programu ya kutambua maandishi ya mashine mwanzoni mwa 2023, na ilipofika Julai mwaka huohuo ikaiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Kumtuhumu mtoto kwa ushahidi wa namna hiyo ni dhuluma. Nimemwona mwanafunzi hodari akitiliwa shaka kwa sababu tu ameandika vizuri, na ilichukua muda mrefu akaamini tena kwamba kuandika vizuri si kosa.

Njia ninayoiamini ni ileile ya rasimu. Faili la pamoja linahifadhi historia yake: unaweza kurudi nyuma ukaona aya ilivyokuwa juzi, nini kilifutwa, nini kiliongezwa, lini. Hadithi iliyokua inaonekana inakua. Hadithi iliyobandikwa nzima kwa mara moja nayo inaonekana. Lakini msiitumie historia hiyo kama polisi. Itumieni kama kitabu cha kiada. Kaa na mwanafunzi, fungua rasimu ya kwanza na ya tatu, mwulize: kwa nini uliifuta sentensi hii? Akiweza kujibu, ameshakuwa mwandishi. Nami siku hizi natoa alama nyingi zaidi kwa mabadiliko kati ya rasimu kuliko kwa rasimu ya mwisho.

Je, mashine hiyo haina kazi kabisa darasani? Inayo, mradi ije baada ya rasimu ya mtoto mwenyewe. Ninapoiomba tarbia huleta mishororo yenye mizani iliyopishana na vina vya kati vilivyosahaulika. Sababu ipo: programu hizi hukata maneno katika vipande vya herufi visivyofuata silabi zetu, na hazina sikio la kuimba. Nachapisha ubeti huo, nawapa wanafunzi, nawaambia: usahihisheni. Wanauvamia kwa furaha. Lakini rasimu ya kwanza ya hadithi au shairi lao, hapana. Hapo sikubali. Mtoto wa miaka 15 ndiyo kwanza anatafuta sauti yake. Ukimpa maneno laini ya kuazima kabla hajasema yake, ataona aibu na yale aliyonayo, hata pale ambapo neno lake la nyumbani lilikuwa bora zaidi. Naliona hili kuwa hatari kubwa kuliko udanganyifu wa mtihani.

Jambo moja dogo la tahadhari. Shirika la Marekani la NaNoWriMo, lililokuwa likihimiza watu waandike maneno 50,000 ndani ya mwezi wa Novemba, lilianza mwaka 1999 na likatangaza kufungwa mwaka 2025. Majukwaa hufa. Kazi ya mwanafunzi isiachwe mahali pamoja tu. Iwe na nakala kwenye kompyuta ya shule, na ile bora ichapishwe kwenye karatasi. Anayelenga Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, atahitaji mswada uliokamilika. Kiungo kilichokufa hakitamsaidia.

Mwalimu mmoja hapa mbele ameniuliza: na shule isiyo na umeme wa uhakika? Swali la haki. Karibu yote niliyoyasema yana njia ya mkono. Mizani ipigiwe makofi. Twine ifanywe kwa vipande vya karatasi na uzi ukutani. Mimi nilianza hivyo, na mpaka leo naanza hivyo hata umeme ukiwapo. Kwa rasimu, mwanafunzi aandike kurasa za kulia tu za daftari, za kushoto zibaki wazi kwa ajili ya kuandika upya, na mwenzake wa dawati aweke alama ya kuuliza pale asipoelewa. Kishikwambi kinarahisisha na kupeleka mbali utaratibu ambao umeshaanza. Shule ambayo haina utaratibu wa rasimu, hata ikijazwa kompyuta, itapata insha zilezile za mara moja, zimechapwa vizuri.

Tuna saa moja kabla ya chakula. Waliokuja na vishikwambi wakae vikundi vya watu wanne, kila kikundi kifungue jedwali tupu. Tutaandika fomula ya irabu pamoja, kisha kila mtu alete mshororo wake mmoja, wa kutunga mwenyewe, tuone unasoma ngapi. Wasio na vishikwambi wasogee huku kwangu, nina karatasi na uzi.